Askari wa Geti

Kambini, pwani ya Bahari ya Shamu
9 Machi 2025

Mpendwa dada Kadii,

Leo natimiza mwaka mmoja na miezi mitano tangu niondoke Muyeye. Shikamoo. Mguu wa mama unaendeleaje? Na mahindi ya kule Sabaki, yalisalimika na maji? Mimi ni mzima, ila mgongo umechoka. Kutwa ni kujaza mchanga kwenye magunia ya jeshi.

Barua hii anakuletea Owen, mwenzangu wa hapa kambini, anayerudi nyumbani likizo. Simu zetu wakubwa wa kambi wanazipekua.

Mke wangu Gladys alinitajia kwamba mdogo wetu Mwaro amepewa karatasi na wakala pale mjini, atie sahihi mwisho wa mwezi. Kazi ya askari. Dada, mzuie! Najua anavyofikiri: askari ni kama alivyo yeye sasa kule Shella ya Malindi, rungu mkononi, firimbi shingoni, anamfungulia tajiri geti. Huku askari ni mwanajeshi. Neno ni lilelile, na huyo wakala mwongo analijua vizuri.

Musyoka, Mkamba niliyekaa naye chumba kimoja, alitia sahihi karatasi kama hiyo. Alikuja na firimbi yake mwenyewe, aliyoinunua Mtwapa. Akaniuliza, "Bwana Fondo, geti langu liko wapi?" Tukacheka. Kesho yake akapewa bunduki. Alipoikataa, mkalimani akamwambia, "Si uliandika wewe ni askari? Geti lako lile," akamwonyesha bahari. Wakampeleka mlimani, juu ya mkondo zinamopita meli. Siku ya nane akarudishwa amefunikwa turubai.

Hasira niliyoshikwa nayo haijanitoka. Wenye kambi hii wametoka nchi ya mbali, wala hawakuja kumlinda mtu. Mizinga yao yote inatazama njia ya meli za mafuta. Kijiji cha wavuvi kilicho chini yetu hakina hata kisima. Wanajeshi wao wanakaa nyuma, kwenye viyoyozi, kwa sababu jeneza likifika kwao watu watauliza. La Musyoka nani ataliulizia? Ndiyo maana wanatafuta watu wetu, na wanawanasa kwa Kiswahili chetu wenyewe.

Na mimi nina kosa. Mwaka jana nilimsifia Mwaro chakula cha huku. Mengine niliona aibu kuyasema. Mwambie nilimdanganya. Akibisha, mpe hiyo firimbi niliyoifunga ndani ya barua, umweleze ni ya nani. Akishaishika, Owen aipeleke Kibwezi kwa mama yake Musyoka.

Nisalimie mama, Gladys, na baba mkubwa Mwaringa. Mungu awafunike nyote.

Mkataba wangu unakwisha Agosti, na mwingine sitii sahihi. Nitashuka Malindi wiki ya kwanza ya Septemba. Kabla ya kufika nyumbani nitapitia Shella. Nataka Mwaro ndiye anifungulie geti.

Ni mimi nduguyo nikupendaye,
Fondo