Jina Lako kwenye Kituo cha Nne

Nyumbani Nandom,
Jumapili, 13 Machi 1994

Mpendwa mwanangu Gervasi,

Amani ya Bwana ikufikie huko Obuasi. U mzima? Kile kikohozi kiliisha? Nasikia mgodini mnashuka mpaka jua hamlioni, na kila nikiinama kuwasha moto nakuwaza. Vaa kitu kizito. Usiniambie huko chini kuna joto, wewe vaa tu. Sisi ni wazima, ila goti langu, nalo nimelizoea.

Mwanangu, Jumatano ya Majivu niliweka nadhiri: pombe haitagusa mdomo wangu mpaka Pasaka. Nikatoka kanisani na majivu yangu usoni, moyo mweupe. Kufika nyumbani ndipo nikakumbuka, mpika pombe si mimi? Na nani atakunywa pombe ambayo mpishi mwenyewe hajaionja mbele yake? Siku ya soko watu wakaja, nikawapa bila kuonja, wakaweka kata zao chini, wananitazama. Mzee Bayuo akasema, "Mama Gervasi, Kwaresima hii umeamua kutumaliza?" Wakacheka. Mimi nilitaka kulia.

Baba yako alikuwa amekaa mlangoni kwake. Wajua tangu ulipoacha seminari nami nikakutetea, hakukanyaga tena kibanda changu cha pombe. Mwaka mzima na miezi. Basi akainuka, akaja, akaichukua kata mkononi mwangu, akapiga funda. "Imeiva," akasema. Bayuo naye hanyamazi: "Haya jamani, tumepata mama pombe mwenye ndevu!"

Tangu hapo yeye ndiye anayeonja, na akishaonja anakaa. Kisha tukawa tunasali fungu moja la rozari palepale, kabla wateja hawajaja. Wewe sikukutaja. Niliogopa atainuka.

Ijumaa tulikuwa kwenye Njia ya Msalaba. Kituo cha nne, pale Yesu anapokutana na mama yake, mimi huwa siwezi kuimba. Katekista akasema kila mwenye mtu wake amtaje kwa sauti. Nikafungua mdomo, hakuna kilichotoka. Mara nikasikia nyuma, upande wa wanaume: "Gervasi, mwanangu." Ni baba yako. Sikugeuka. Nilikuwa nimepiga magoti, nikashika ardhi kwa mikono yote miwili.

Njiani nikamwambia, "Baba Gervasi, kumbe jina hujalisahau." Akasema, "Tembea, mwanamke, jua kali." Lakini jana ameniuliza kama kalamu yangu ina wino.

Ndiyo maana naandika, mwanangu, na naandika kwa hofu. Yeye hatasema njoo. Na kichwa chako ni chake, kigumu vilevile. Mtangojana mpaka mmoja wenu aitwe na Mungu, nami nitabaki na nani? Njoo Pasaka. Mambo ya seminari usiyaanze. Msalimie kama mtoto anavyomsalimu babake, kisha ukae karibu naye. Wakikunyima ruhusa, basi tuma neno kwake, si kwangu.

Dada yako Yulalia anakusalimu. Bibi yako anauliza kama umeoa, na kama bado, unangoja nini.

Baba yako amepita hapa sasa hivi, ameona nimefika kwenye salamu. Hakuniambia niandike ya kwake. Amesimama kidogo, hakuniambia nisiandike. Basi naandika: baba yako anakusalimu.

Mungu akulinde ukishuka, akulinde ukipanda.

Mama yako akupendaye,
Fransiska