Bibi wa Upande wa Karafuu

Mjomba,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini ulinizoesha vibaya. Siwezi kuanza kusema na wewe bila shikamoo, hata kama uko chini ya udongo na mimi ndiye niliyekuandikia jina kwenye msalaba. Herufi zimeanza kupauka. Nitazirudia kabla ya mvua.

Nakuandikia kukiri jambo. Nimemfuta Mama.

Usinikatishe kama ulivyozoea. Niache niseme mpaka mwisho, halafu ukasirike unavyotaka.

Kibanda chetu cha Kihonda nimekifunga. Kazi ya brashi imekwisha, Mjomba. Siku hizi mtu akitaka bango anakwenda mjini kwenye mashine, anakunywa soda yake, na kabla hajaimaliza bango liko tayari, anaondoka nalo limekunjwa kwapani. Mimi napaka kuta za nyumba za watu, rangi moja toka pembe hadi pembe, kazi ambayo hata ukifumba macho unaifanya. Brashi zako nyembamba ziko kwenye lile kopo la maziwa. Zimekauka, na sina moyo wa kuzitupa.

Kwa hiyo mtendaji wa kata aliponipigia simu kutoka kule kwetu mlimani, nilifurahi kama mjinga. Alisema nembo ya taifa kwenye ukuta wa ofisi imechakaa, kuna mgeni anakuja kutoka wilayani, na wazee wamemwambia aliyeichora amefariki ila mpwa wake bado yupo na ni fundi. Nikamwambia kesho nipo. Nilikuwa nimepata sababu ya kwenda kumwona Mama, tena na rangi mkononi.

Unakumbuka uliponipeleka mara ya kwanza? Nilikuwa darasa la nne. Mama alikufa nikiwa sijui hata kufunga vifungo, na picha yake hatukuwa nayo hata moja, maana mpiga picha alikuwa hapandi huko na yeye alikuwa hashuki. Ukanisimamisha mbele ya ukuta ule, ukanishika kichwa kwa mikono miwili, ukakielekeza. Ukasema, "Msalimie mama yako." Nikadhani umelewa. Kwa kweli ulikuwa umelewa kidogo. Lakini pale, kando ya ngao, amefunga kitambaa kichwani, ameshika pembe ya ndovu, alikuwepo mwanamke mwenye kovu dogo kwenye shavu la kulia na kidevu changu. Nikamsalimia.

Baadaye uliponipa brashi, nembo ndiyo iliyokuwa shule yangu. Mwenge juu kwenye dhahabu. Chini yake bendera. Kisha wekundu wa udongo wenye rutuba, na jembe na shoka na mkuki, kisha mawimbi, yasiwe mengi kama nywele za msusi. Mlima chini ya ngao, na utepe wenye Uhuru na Umoja. Uliniambia kwamba enzi za Mwingereza alama ya nchi ilikuwa kichwa cha twiga, na ukasema wao waliona wanyama, sisi tukaweka watu. Ulilipenda sana neno lako hilo. Ulilirudia kwa kila mteja, hata aliyekuja kuandikiwa bango la bucha.

Na ulinipiga, Mjomba. Nilipochora pamba miguuni pa bwana ulinichapa na mpini wa brashi juu ya vidole. Bwana kushoto kwako unapoitazama, karafuu miguuni pake. Bibi kulia, pamba miguuni pake. "Ukikosea jina la duka, atakucheka mwenye duka. Ukikosea nembo, umeikosea nchi nzima." Nililia siku ile. Sikukosea tena.

Kumbe wewe mwenyewe ulikuwa umeikosea makusudi. Nilikuwa nimeshaolewa ndipo nikagundua, nimesimama pale mbele ya Mama kama kawaida yangu, nikatazama chini nikaona karafuu. Ulikuwa umembadilisha upande. Umemsimamisha bibi mahali pa bwana. Nikakuuliza, ukacheka mpaka ukakohoa. Ukasema pamba hailimwi huku. Ukasema ardhi hii sisi tunaipata kwa mama zetu, na ile mikarafuu ya juu ya kijito dada yako ndiye aliyeipanda na kuichuma, sasa ungemsimamishaje kwenye pamba ambayo hakuwahi hata kuiona shambani, na karafuu zake umpe mwanamume? Kisha ukaacha kucheka. "Watu wote wanaisalimu, hakuna anayeitazama. Hilo ni letu mimi na wewe. Usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu. Hata mume wangu sikumwambia. Sasa sikiliza.

Mtendaji mpya ni binti mdogo, mzaliwa wa Mara, mpole, kila neno ni dada. Alinitolea kiti, akaniletea chai. Nilianza kuchanganya rangi. Nilikusudia kuhuisha tu, nipite juu ya mistari yako polepole, hata ile rangi ya kovu nilikuwa nimeifikiria njia nzima nikiwa kwenye bodaboda. Ndipo akaja na barua ya ofisi, ile yenye nembo juu, ili itusaidie kwa vile ukuta umefifia. Alitaka kusaidia, maskini. Akaiinua karibu na ukuta. Akatazama karatasi, akatazama ukuta, akarudia. Akasema, "Dada, mbona kwenye karatasi bibi yuko huku?"

Yeye mwenyewe akanifungulia mlango: "Au zamani ilikuwa hivi?"

Mjomba, ningesema ndiyo. Neno moja. Ningesema hii ni ya zamani, nembo imebadilika badilika tangu enzi za twiga, na angeniamini, kwa sababu mimi ndiye fundi na yeye alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kukubali. Nimelirudia neno hilo moja kila siku tangu siku ile. Naiambia sufuria, nauambia ukuta.

Lakini nilisikia mpini wa brashi kwenye vidole vyangu. Nikasema, "Haikuwa hivyo. Mjomba alikosea."

Nilisema ulikosea. Mbele ya kazi yako bora kuliko zote, kwenye ofisi ya kata yetu, nilisema ulikosea. Nakuandikia kuomba msamaha kwa mengine, lakini hili sijui hata naliombaje.

Baada ya hapo hapakuwa na pa kutokea. Binti wa watu alikuwa na mgeni kesho kutwa. Alinibembeleza, akasema kwa kuwa nimeshapanda na rangi ninazo, nirekebishe. Nikakataa. Akasema basi atatafuta fundi mwingine mjini. Nikawaza mkono wa mtu mwingine ukimkwangua Mama, nikasema nitafanya mwenyewe.

Nilimpiga picha kwa simu kwanza. Picha ninayo. Uso ni mdogo kama ukucha, na nikiukuza unakuwa madoa madoa, hauna mtu ndani. Kisha nikachukua kikwangulio na msasa. Rangi yako ilikuwa inabanduka vipande, ilitoka upesi kuliko nilivyotaka. Nilianza na miguu, nikapanda. Usoni nilipofika nilifumba macho nikakwangua hivyo hivyo. Vumbi lake lilinijaa mikononi mpaka kwenye viwiko, na ilinibidi ninawe, maana rangi nyeupe ya kutangulizia haishiki juu ya vumbi. Nilinawa bombani pale nje. Watoto wa shule walipita wakanisalimu, nikawaitikia.

Nilijiambia ninamhamisha tu. Atakuwa kulia, kwenye pamba yake, lakini atakuwepo. Hilo ndilo lililonipa nguvu ya kukwangua. Siku ya pili, bwana naye nikiwa nimeshamhamishia kushoto kwenye karafuu, nikaanza kumchora Mama, na hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya.

Ulikuwa umemchora anaitazama ngao. Akiwa kushoto, tulikuwa tunaliona shavu lake la kulia. Akiwa kulia na akiitazama ngao, linaonekana la kushoto. Na mimi, Mjomba, shavu la kushoto la mama yangu sijawahi kuliona. Nililigeuza lile la kulia kama kwenye kioo, akatokea mwanamke mwingine, mzuri tu, kovu liko mahali pasipokuwa lake. Nikalifuta kovu. Nikajaribu tena na tena. Wewe ungejua. Wewe ulikua naye, ulikula naye sahani moja, ungeweza kumchora hata kwa nyuma. Nilikaa chini kwenye saruji na brashi yangu, na mtu pekee wa kumwuliza ulikuwa wewe.

Nikamalizia kwa uso wa kawaida, kama ulio kwenye karatasi. Nembo iko sawa kabisa. Hutapata kosa.

Mgeni alikuja, wakamwekea kiti, akaupa ukuta mgongo, akala, akaondoka. Na juma lililofuata wakaleta nembo ya kuchapwa, ya plastiki, wakaipigilia misumari juu ya kazi yangu. Mtendaji alinipigia simu kuniomba radhi. Nilimwambia haina neno.

Mikarafuu ya Mama bado iko. Nilipita kuiona siku ile nikishuka, nikakaa chini yake nikingoja kusikia chochote moyoni. Sikusikia kitu. Ilikuwa miti.

Natafuta la kukufariji nisilipate, na wewe hukupenda mtu akupambe maneno. Lala, Mjomba. Kama huko mnaonana, mwambie mwanawe alimpoteza kwa kusema kweli. Na mtazame vizuri shavu la kushoto, kwa niaba yangu.

Ahadi ninayoweza kuitimiza ni moja tu. Sitamchora tena. Kila nilipojaribu tangu siku ile, anazidi kufanana na mimi.

Mpwa wako,
Priska