Mwenye alikuwa anageuza redio

Siku ya mardi, mangaribi

Watu wamenichokesha. Mashini ya redio iko moja tu, hapa kwangu Kadutu. Wanaisikilizaka toka mbali, kwa internet ya telefone, kila mutu na compte yake, jina lake la kuingilia. Lakini mumoja akigeuza poste, aweke station ingine, wote wamegeuziwa. Na kila mangaribi, katikati ya communiqué, matangazo ya matanga, mutu anageuza. Wote wanabakia na kelele: shhhh.

Papa Déo, mwenye anasikilizaka toka Katana, alikosa hivyo maziko ya cousin yake. Leo ameniita na hasira: "Huyo mutu, umufungie compte!"

Nikaangalia ndani ya mashini. Compte yenye inageuza ni ya maman. Maman yangu mwenyewe, mwenye alikuwa anasonga fufu pale nyuma!

"Maman, unatafutaka nini pale?"

"Redio ya kwetu Miti."

"Ile ilinyamaza, maman. Iko kelele tu."

"Najua. Lakini siku ile itarudia hewani, nani ataisikia?"

Compte yake nimeiacha. Nimemuomba tu angojake communiqué ziishe kwanza.

Papa Déo nimemuambia ilikuwa courant, umeme ulikatika. Hapa Bukavu, nani atabisha?