Bibi Yuko Ghorofa ya Nane, Lifti Imekufa

Shangazi Zoraida, nisaidie kabla sijapasuka! Mimi ni katibu wa wakazi wa jengo letu hapa mjini Hialeah, nina miaka ishirini na nne, kazi hii ya ukatibu nilijifunza mwenyewe kwenye simu, na lifti imekufa mwezi wa nne sasa, na bibi yangu Eneida yuko ghorofa ya nane, miguu haiwezi ngazi, na kila saa kumi jioni anajipaka poda, anavaa hereni, anakaa kwenye roshani kumtazama mzee Evelio kule chini kwenye meza ya domino, kiti cha bibi kiko wazi, hakuna anayethubutu kukikalia. "Shuka, mrembo!" Evelio anapiga kelele. "Panda wewe, goti bovu!" bibi anajibu, anacheka, halafu akiingia ndani anavua hereni.

Sasa kosa langu. Kila Januari tunapiga kura kama tuweke akiba ya matengenezo au tuiruke mwaka huo, na kila Januari mimi ndiye ninayesimama na kusema, "Jamani, nani anataka kulipia lifti ambayo ni nzima?" Watu kicheko, mikono yote juu, tunaruka, tunachoma nguruwe. Ila miaka mitatu nyuma mhandisi aliniandikia kwamba lifti imebakiza miaka mitatu tu, na paa na pampu za maji nazo zinachakaa, na ile karatasi niliificha, nilitaka wanipende! Jumapili tuna kikao cha mchango mkubwa wa lifti, na wengi wameapa hawatoi. Nikiisoma ile karatasi watanila mbichi, nikinyamaza bibi atabaki juu. Nifanyeje?

Yoandri

Yoandri mwanangu,

Kupendwa ulipendwa, na nguruwe ukala. Sasa simama. Nakuonea huruma, ila namhurumia zaidi huyo anayevaa hereni kwa ajili ya roshani.

Soma karatasi yote, mpaka paa na pampu. Sema "niliificha", omba radhi, usilie. Wakazi wote mkope benki, mlipe deni kidogo kidogo. Na Januari hakuna kuruka: kila kitu kihesabiwe miaka iliyobaki, kiwekewe fungu lake.

Lakini kabla ya kikao, chagua wanne wenye nguvu kati ya wale waliokuwa wakinyoosha mikono. Mikono hiyohiyo imshushe bibi yako akiwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, polepole, ngazi zote, mpaka kwa Evelio. Acheze mzunguko mmoja wa domino, watu wote wakitazama.

Ndipo uwaulize nani atambeba kumrudisha juu. Wakiinamisha macho, itisha kura ya lifti.