Walivyoniombea Tura

Dada Salome, shikamoo.

Huku Tura ni joto na vumbi, ila michembe ya viazi wanayoiunga kwa karanga ni mitamu kuliko yetu ya Ulyankulu. Jana asubuhi mwenyeji wangu, Mama Neema, alinipeleka kwenye sala ya jumuiya. Juzi tukibangua karanga nilimwambia, yeye peke yake, kwamba mume wangu amehama nyumbani. Wakati wa kutaja nia ulipofika, alifumba macho akasema kwa sauti ya upole, "Tumwombee mgeni wetu, mumewe amemkimbia." Wote wakaitikia. Baada ya amina, akina mama walinishika mkono mmoja mmoja, wakinipa pole na kuniuliza huyo mwanamke mwingine ni nani.

Nilitoka na hasira zangu hadi stesheni. Pale ndipo nilipokumbuka siri uliyonipa mwaka jana kuhusu mwanao, na jinsi nilivyoipeleka jumuiyani kwetu, nami nimefumba macho vilevile. Ukaacha kuja kusali. Nikawaambia watu imani yako imepoa.

Nisamehe, dada. Ukipata moyo wa kuniombea, niombee kimyakimya.

Mdogo wako,
Veronika