Picha ya Msiba Wetu Kwenye Blogu ya Wamisionari

Mudathir, upo? Kinyaa, ndugu yangu, kinyaa kitupu.

Wale wamisionari waliopanga jirani yetu hapa Ukonga mwaka elfu mbili na tisa, Harald na mkewe, leo wamekuja kumsalimia mama.

Mzee Harald akatoa simu, eti tuone blogu waliyokuwa wakiwaandikia watu wa kwao kila siku. Bado ipo! Anajisifu!

Nikaona sebule yetu. Shangazi zangu wamelala chini, kwenye mikeka. Wameandika: "Familia hii haina hata kiti. Tuombeeni, tuchangieni vitanda."

Haina hata kiti! Ule ulikuwa msiba wa baba! Makochi yalitolewa nje wakayakalia wanaume, kama kila nyumba yenye msiba. Na Harald mwenyewe alikula wali wa msiba akiwa amekaa kwenye makochi hayo hayo!

Nikamwambia, "Mzee, shikamoo yangu naichukua. Futa hiyo picha sasa hivi."

Mama akanishika mkono. Akamgeukia Harald. "Kwa hiyo siku namzika mume wangu, nyie mliona vitanda tu?"

Mkewe akaanza kulia. Hata machozi yake yalinitia kinyaa.

Harald akataka kuifuta. Mama akamzuia. "Futa maneno. Picha niachie. Huyo wa pembeni ni mama yangu, sina picha yake nyingine."

Nimeanza beti mbili za shairi huku uani, zote matusi. Mama bado ameishika ile simu, na Harald hathubutu kuiomba.