Betri za Meli, Maji ya Ailuk

Jumatatu, 3 Machi

Tumetoka bandari ya Majuro bila dizeli. Miaka yote nimelala juu ya injini inayonguruma. Leo nasikia maji yakipasuka mbele ya meli — na mpishi akipiga chafya jikoni! Staha nzima ni paneli za jua. Meli kubwa hivi, shehena yote ile, na kinachoisukuma ni mwanga tu. Nimesimama chumba cha betri, makabati yake yamejipanga hadi darini, nimeduwaa. Mkuu wangu wa injini, Mzee Hemos, kanicheka. "Tarlina mwanangu, unaabudu makabati?" Betri haziamini kabisa. Injini yake ya zamani waliing'oa akiwa likizo.

Jumatano, 5 Machi

Tumefika kisiwa cha Ailuk. Mchele unashuka, hakuna anayetabasamu. Mvua haijanyesha tangu Krismasi. Visima vimeingia chumvi. Mashine ya kusafisha maji ya bahari wanayo, ila jenereta ya kisiwa imekufa.

Bi Neibwe, muuguzi wa hapa, alipanda melini na mtoto anayeharisha. Midomo imepasuka, machozi hayatoki. Tukampa maji. Bi Neibwe akatazama paneli, akaniuliza taratibu: jua lote hili mnakula peke yenu, dada?

Nikaenda kumuuliza Kapteni Lanwi swali hilohilo. Akapima kwa macho umbali hadi ufukweni. Kisha: "Waya wetu unafika nchi kavu?"

Alhamisi, 6 Machi

Umefika. Tumeupitisha juu ya mapipa yanayoelea. Mzee Hemos kalalamika mwanzo mwisho — na ndiye aliyeunganisha, hakutaka mtu aguse.

Mchana mashine ikakohoa, ikatoa maji. Bi Neibwe akaonja, akafumba macho. Hakuna aliyeshangilia. Wanawake wakasogeza ndoo tu. Jua lilelile lililowaharibia visima!

Ijumaa, 7 Machi

Mawingu. Mazito, na hayana tone. Betri zinashuka, paneli haziingizi kitu. Kapteni kaweka kikomo cha chaji: tukifika pale, tukate waya, tubaki na nguvu ya kuikwepesha meli na miamba upepo ukianza.

Hemos hakubisha. Alienda kisiwani, akarudi. Wagonjwa wameongezeka, kasema. Basi.

Jumamosi, 8 Machi

Upepo umeanza. Nanga inaburutika kidogo kidogo, nausikia mnyororo ukisaga chini — zamani injini ingeficha sauti hiyo. Kutoka hapa mlango wa chumba cha betri naona foleni ya ndoo ufukweni. Ni ndefu kuliko jana.

Kapteni kapiga simu kutoka juu kwenye usukani: tumefika kikomo?

Nikamtazama Mzee Hemos. Ameegemea swichi ya waya, jasho linamtoka. "Mwambie bado."

"Tumeshapita, Mzee."

"Najua. Nasoma mita kama wewe."

Nikasema kwenye simu: bado.

Sasa naandika nimesimama, mgongo kwenye betri. Zina joto, kama ubavu wa mtu. Mawingu upande wa mashariki yamepauka kidogo — au macho yangu yananidanganya. Mnyororo tena. Hemos hajaondoa bega kwenye swichi. Simu inalia, na mimi ndiye niliye karibu nayo. Naweka kalamu niinue, na neno ni lilelile: bado.